Kutoka Mashimoni hadi Sufuriani: Safari Yetu ya Kuwinda Sungura

Siku ya kwanza

Tulishuka bondeni jua likiwa limeshainama, mjomba mbele na bunduki yake ya risasi ndogo, mimi nyuma na mzigo. Mjomba habebi vitu vingi anapokwenda kuwinda, lakini sufuria ya chuma yenye mfuniko mzito haachi nyumbani hata safari iwe ya miguu tupu. Kibali cha kuwinda na barua ya mwenye ardhi vilikuwa pamoja kwenye mfuko wa nailoni. Bila hivyo viwili yeye hatoi bunduki kwenye ala.

Nilipofungua mzigo wake kupanga vitu hemani nilikuta risasi chache sana. Vilivyojaa ni glavu za mpira, mifuko ya kitambaa chepesi, kamba, visu viwili vilivyonolewa, chumvi, na kipande kikubwa cha shahamu kilichofungwa kwenye karatasi. Nikamuuliza kama risasi zitatosha.

"Kumpata sungura si kazi, mpwa wangu," akasema huku akikaza kamba ya hema. "Kazi inaanza akishaanguka. Watu wanaiharibu nyama kati ya pale na moto, halafu wanasema sungura wa porini ananuka."

Nami hilo ndilo lililonileta. Nimekula sungura wa porini mara kadhaa, mara nyingine mtamu, mara nyingine mgumu na mwenye shombo, na sikuwahi kupata mtu wa kunieleza tofauti inatoka wapi.

Hema tulilipiga upande ambao upepo ulikuwa ukitoka mashimoni kuja kwetu. Jioni ile hatukuwasha moto. Tulikula vitu baridi na kulala mapema.

Siku ya pili

Bunduki ilibaki hemani siku nzima, kwa amri ya mjomba. Tulitembea tu na kutazama, na naona siku hii ndiyo iliyotuletea nyama kuliko nyingine yoyote.

Tulianza na kinyesi. Sungura huacha vidonge vidogo vya mviringo, na mara nyingi hurudi kunya pale pale, hivyo utakuta marundo juu ya vichuguu na kando ya njia zao. Kilicho kipya kina rangi ya kukolea na unyevu, cha zamani kimepauka na hupukutika ukikiponda kwa kijiti. Vidonge vikavu tunavyoviona ni aina moja tu ya kinyesi chake. Kingine hutoka laini, na sungura hukila moja kwa moja kutoka nyuma yake ili apate virutubisho ambavyo tumbo halikuvichukua mara ya kwanza. Mjomba alinieleza hili kwa heshima kabisa, maana ndivyo mnyama huyu anavyoweza kuishi na kunenepa kwenye majani makavu ambayo wengine wangekonda nayo.

Halafu nyayo. Kwenye udongo laini wa kando ya kijito tuliona alama nne nne: mbili ndefu za miguu ya nyuma zikiwa mbele, na mbili ndogo za miguu ya mbele zikiwa nyuma yake, moja ikiitangulia nyingine. Anaporuka, miguu ya nyuma huipita ya mbele na kutua kwanza kuelekea anakokwenda. Asiyejua hili humfuata sungura upande alikotoka.

Vichaka vilikuwa na vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, safi, utadhani vimepitiwa na kisu. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na anayasaga kwa kutafuna. Mashimo yenyewe tuliyapima kwa macho. Lenye udongo mpya mdomoni na njia iliyokanyagwa lina wenyewe. Lenye utando wa buibui limehamwa.

Mchana, tukivuka nyasi ndefu mbali na mashimo, mnyama mkubwa wa masikio marefu alichomoka karibu na buti langu na kukata tambarare kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho. Huyo si wa mashimoni. Ni jamii ya sungura wasiochimba, wanaolala kwenye kijishimo kifupi cha kulalia tu, na tegemeo lao ni mbio. Hata watoto wao huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kujificha nyasini. Wale wa mashimoni huzaa watoto uchi na vipofu, ndani ya tundu lililotandikwa nyasi na manyoya ambayo mama ameyanyonyoa tumboni mwake. Kwa mwindaji tofauti hiyo ni kubwa: wa tambarare unakutana naye popote kwa bahati, wa mashimoni unamsubiri karibu na kwake, kwa sababu haendi kula mbali na mlango.

Jioni mjomba alichagua kituo chetu: mteremko mfupi unaotazamana na mashimo, kichuguu cha udongo nyuma yao, na kichaka cha kutukinga. Kichuguu ndicho alichokitafuta kuliko vyote. Risasi ndogo ya namna yetu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa cha kuizuia, kwa hiyo hapigi sungura aliye juu ya ukingo wa kilima hata awe mnono namna gani.

Siku ya tatu

Tulikuwa kichakani kabla ya mapambazuko. Baridi ilikuwa imegandisha umande kwenye majani. Mjomba huwinda sungura majira ya baridi tu, kwa sababu wakati huo kupe na viroboto wamepungua na nyama inapoa upesi.

Sungura hutoka alfajiri na magharibi. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, na sehemu asiyoiona vizuri ni ndogo, mbele tu ya pua. Kumnyemelea mtu kama huyo ni kujichosha. Tulikaa. Vidole viliniuma, nikataka kuvipuliza, mjomba akanigusa goti nisifanye hivyo.

Wa kwanza kutoka alikaa mdomoni mwa shimo muda mrefu, masikio yakizunguka. Kisha wakatoka wengine, wakaanza kula. Ndege mmoja akaruka kwa kishindo, na mara nikasikia ardhi ikigongwa: puh. Mmoja wao alikuwa ameipiga kwa mguu wa nyuma, na wote wakapotea mikia meupe juu. Tukaanza kusubiri upya.

Walirudi jua likichomoza. Mjomba alichagua mdogo wa msimu huu, aliyekwisha kukua mwili lakini bado ana masikio membamba. Alikuwa akirukaruka bila kutulia, basi mjomba akapiga mluzi mfupi. Sungura akasimama kusikiliza. Risasi ikampata kichwani, akaanguka hapo hapo. Mjomba hapigi kwingine isipokuwa kichwa. Risasi ya tumbo humtesa mnyama na kumwaga uchafu juu ya nyama, na yeye huona ni afadhali kurudi mikono mitupu.

Kuanzia hapo ndipo niliona tofauti yake na wawindaji wengine niliowahi kufuatana nao. Hakukaa kungoja mwingine. Aliweka bunduki salama, akavaa glavu, akanipa na mimi zangu, tukamwendea.

Jambo la kwanza alimnyanyua kwa miguu ya mbele, akapitisha dole gumba tumboni kutoka juu kwenda chini, akikandamiza taratibu. Mkojo ukatoka wote. "Hapa ndipo shombo nyingi inapoanzia," akasema. "Mtu anambeba na kibofu kimejaa, anatembea naye asubuhi nzima, kinapasuka mfukoni."

Kisha akanipa kisu. Ngozi ya tumbo ni nyembamba mno, ncha haitakiwi kuzama. Unaibana kwa vidole viwili, unaivuta juu mbali na matumbo, unachana tundu dogo, halafu unaingiza vidole viwili na kupasua katikati yake kuelekea kifuani, makali yakitazama juu. Matumbo yakatoka mzima mzima. Nikakata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, nikatoa moyo na mapafu.

Mjomba akasimamisha kila kitu kwenye ini. Aliliweka kwenye kiganja, akaligeuza kwenye mwanga pande zote. Ini zima ni jekundu la kukolea, laini, halina doa. Lenye vitone vidogo vyeupe ni onyo la tularemia, homa ya sungura. Bakteria wake aligunduliwa mwaka 1911 kwa wanyama wa porini wa wilaya ya Tulare, California, ndipo jina likatoka. Huingia kwa mtu kupitia mchubuko wa ngozi wakati wa kuchuna, kwa kuumwa na kupe, kwa maji machafu, au kwa nyama isiyoiva. Mtu hupata homa kali, kidonda pale alipoingia, na tezi kuvimba. Dawa za antibiotiki humtibu, ila daktari lazima aambiwe kwamba mgonjwa ameshika sungura, kwa sababu bila hilo atawaza magonjwa mengine. Kugandisha nyama hakumuui bakteria huyo. Moto ndio unaomuua, nyama ikiiva hadi ndani. Mnyama mwenye ini la namna hiyo, au aliyekuwa mzito na asiyekimbia ulipomkaribia, huzikwa kwa kina na glavu zako pamoja naye.

Ini letu lilikuwa safi. Tulitenga nyongo bila kuipasua, tukahifadhi ini, moyo na figo kwenye kitambaa. Mjomba akachomeka kijiti kifuani kuuweka mwili wazi, akauvisha mfuko wa kitambaa dhidi ya nzi na kuutundika kivulini penye upepo. Hakuusafisha kwa maji. Aliufuta kwa nyasi safi na kitambaa kikavu tu, kwani anaamini maji ya porini juu ya nyama vuguvugu yanaiozesha mapema kuliko kuisafisha. Nilipoishika baada ya muda ilikuwa baridi na kavu, uso wake unanata kidogo kwenye kidole. Nilinusa. Haikuwa na harufu ya kitu chochote.

Kuchuna kulikwenda haraka. Unabana ngozi ya mgongoni katikati, unakata mpasuo mdogo wa kupita vidole, unaingiza vidole vya mikono yote miwili na kuvuta, mmoja kuelekea kichwani na mwingine kuelekea mkiani. Huvuka kama soksi. Ukisikia inakataa usitumie nguvu, pitisha dole gumba kati ya ngozi na nyama. Unyoya ukishagusa nyama, utoe pale pale.

Mjomba akanionyesha ujana wa mnyama: sikio linachanika kwa vidole, kucha zimechongoka, meno meupe. Wa hivyo anafaa kuchomwa. Tulingoja moto utulie mpaka ndimi zikaisha na kubaki makaa yaliyovikwa jivu jepesi. Kuni zilikuwa ngumu na kavu, za mti tunaoufahamu. Miti yenye utomvu mwingi huacha ladha chungu, na baadhi, oleanda kwa mfano, ina sumu. Mawe ya kuzungushia moto aliyachukua mlimani, hakutaka hata moja la mtoni, maana maji yaliyojificha ndani yake hupata joto na kulipasua usoni mwa mtu.

Sungura wa porini karibu hana mafuta. Katika gramu 100 za nyama yake iliyopikwa, protini ni kama gramu 33 na mafuta ni gramu 3 na nusu tu. Ndiyo sababu akiwekwa motoni hivi hivi anageuka ukuni. Mjomba alikata vipande vyembamba vya shahamu, akavifunga juu ya mgongo na mapaja kwa uzi, akapaka chumvi na pilipili manga, akamweka juu ya makaa kwa mbali, akigeuza bila kuchoka. Kila shahamu ilipoyeyuka ilitiririka juu ya nyama. Paja alilichoma kwa ncha ya kisu penye mfupa, maji yaliyotoka yakawa meupe bila wekundu, ndipo akamtoa. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 74 za Selsiasi.

Tulikula kwa mikono, kimya. Nyama ilikuwa laini, tamu, na inanukia moshi tu.

Huo uhaba wa mafuta si jambo la jikoni peke yake. Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyeishi miaka mingi Aktiki, aliandika juu ya watu waliobaki na sungura tu kwa chakula. Walikula mpaka matumbo yakajaa na bado njaa haikuwaacha, wakaharisha, wakaumwa kichwa, wakadhoofu. Mwili hauwezi kuishi kwa protini kavu. Nikaelewa kwa nini mjomba alibeba shahamu kubwa kuliko mkate.

Siku ya nne

Mvua tangu usiku. Tulilala hemani hadi mchana, na mjomba akiwa ndani ya hema huzungumza.

Alinisimulia habari ya Australia, ambako mwaka 1859 Thomas Austin aliachia sungura 24 hivi katika shamba lake la Barwon Park, jimbo la Victoria, apate cha kuwinda. Walizaana mpaka wakala malisho ya nchi. Mimba yao ni mwezi mmoja tu. Upande wa magharibi serikali ilijenga uzio kati ya mwaka 1901 na 1907, urefu wake wote ukipita kilomita 3,000, na sungura walikuwa wameshavuka kabla haujakamilika. Mwaka 1950 wakaachiliwa virusi vya miksomatosisi, vinavyosambazwa na mbu na viroboto, wakafa kwa mamilioni. Miaka miwili baadaye, daktari mmoja Mfaransa, Armand-Delille, aliwatia sungura wa shamba lake virusi hivyo hivyo, vikatoroka na kuenea Ulaya. Ukimkuta sungura macho yamevimba mpaka yamefumba, anatangatanga mchana, ndiyo hiyo. Haimpati mtu, lakini mnyama wa hivyo si wa kula.

Jioni mawingu yalipasuka, tukarudi kichakani. Sungura walitoka wengi kwa njaa ya kutwa. Mnono kuliko wote alikuwa karibu nasi, amesimama ubavu, shabaha ambayo hata mimi nisingeikosa. Mjomba alinyanyua bunduki, kisha akaishusha.

"Mtazame mdomo," akaninong'oneza.

Alikuwa na fungu la nyasi kavu limejitokeza pande zote za mdomo. Hakuwa akila. Alilibeba mpaka kwenye tundu dogo lililo peke yake mbali na mengine, akaingia, akatoka bila kitu, akaenda kuchuma tena. Alikuwa anatandika. Mama wa jamii hii huwatembelea wanawe mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, awanyonyeshe kisha aufukie mlango. Akipigwa, hakuna mwingine atakayekwenda kuwanyonyesha, watakufa gizani na wewe hutajua.

Niliguswa sana, nakiri hilo wazi. Msimu wa uzazi kwa kawaida huwa bado wakati huu wa baridi, lakini kama mvua imekuja mapema na majani yapo, sungura hawangojei kalenda. Mjomba akaamua papo hapo kwamba mashimo ya upande ule hatutayagusa tena. Giza likikaribia, upande wa pili wa kijito, alimpata dume mzee, kichwa kipana, masikio yenye makovu ya ugomvi. Tulimfanyia yale yale ya jana, mkojo, matumbo, ini, kijiti kifuani, tukamtundika kwenye baridi ya usiku.

Siku ya tano

Dume alikuwa mgumu asubuhi, na mjomba hampiki mnyama akiwa amekakamaa. Ukimwingiza motoni hivyo haulainiki msuli. Tulingoja ulegee, kisha tukamkata.

Miguu ya mbele haina kiungo cha mfupa na kiwiliwili, imeshikwa na msuli tu, kwa hiyo kisu kinapita chini ya bega bila kugonga kitu. Paja la nyuma unalikunja kinyume mpaka kifundo cha nyonga kitokeze, unakata hapo. Mgongo ukavunjwa vipande vitatu. Kilichochukua muda ni ile ngozi ngumu ya fedha inayofunika mgongo. Haiyeyuki hata upike kutwa, na hujikunja ikiminya nyama. Nilihangaika nayo kwa ncha ya kisu mpaka ikatoka yote.

Vipande vililala kwenye maji baridi ya chumvi mpaka adhuhuri. Maji yalitoka na wekundu wa damu, nyama ikabaki imepauka. Tukaifuta ikawa kavu kabisa, kwani iliyolowa haikaangiki.

Shahamu ikayeyushwa sufuriani juu ya makaa makali. Vipande viliingia vichache vichache mpaka kila upande ukawa wa kahawia. Vikatolewa, vitunguu vikachukua nafasi yao na kukwangua utamu ulioganda chini. Kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi kidogo, nyama ikarudi, maji ya kufunika nusu yake. Mjomba akasogeza makaa mengi pembeni, akabakiza machache chini na mengine akayapanga juu ya mfuniko.

Hapo kazi ikawa ni kuzuia. Mchuzi unatakiwa utikisike tu, utoe povu moja hapa na jingine pale. Ukichemka kwa nguvu nyama isiyo na mafuta hukauka ikiwa ndani ya maji, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipolionja kwenye kipande nilichokitoa mapema. Kwa sungura mzee hesabu saa mbili na nusu, hata tatu. Viazi huingia saa ya mwisho. Utajua tayari uma ukigeuzwa kidogo na paja kuachia mfupa bila kuvutwa.

Ini tulilikata vipande vyembamba, tukalikaanga mpaka likaiva lote, na kulila kwanza tukisubiri. Mchuzi tuliumaliza kwa kukwangua sufuria. Ulikuwa mzito kwa mifupa, na ile nyama nyeusi ya dume ilikuwa na ladha nene ambayo mdogo wa juzi hakuwa nayo. Kama ningelazimika kuchagua, ningechagua dume, kwa sharti la kupewa mchana mzima.

Siku ya sita

Tuliwinda alfajiri bila kupiga, mjomba akisema nyama tuliyokula inatosha.

Matumbo na mifupa vilikuwa vimefukiwa mbali na kijito, shimo la urefu wa mkono ili mbwa mwitu wasifukue. Jivu tulilimwagia maji, tukalichanganya kwa fimbo na kulimwagia tena mpaka nikaweza kutia kiganja katikati yake. Ngozi mbili zilikwisha kupakwa chumvi upande wa nyama na kukunjwa. Kabla ya kuvaa mizigo tulikaguana kupe, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni. Mmoja alikuwa ameshika nyuma ya goti langu. Mjomba alimbana kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, akamvuta moja kwa moja bila kumsokota.

"Ukisikia homa ndani ya wiki mbili," akasema akifunga mkoba, "nenda hospitali, na neno la kwanza liwe sungura."

Tukaanza kupanda kutoka bondeni. Sufuria safari hii alibeba yeye.